Katuni Isiyo na Mfadhili: Kutoka Sani hadi Mbiru ya Upare

Katika jiji la Chicago, Marekani, lipo duka la vitabu liitwalo Quimby's, lililofunguliwa mwaka 1991. Sifa yake si ukubwa wala utajiri, bali namna linavyopokea kazi. Mtu aliyechora kitabu chake mwenyewe, akakitoa nakala kwa mashine na kukibana pini kwa mkono, hukipeleka pale kwa mali kauli: kikinunuliwa, muuzaji na mchoraji hugawana fedha, kisiponunuliwa, mwenyewe hukichukua. Mchoraji wa namna hiyo hana wizara ya kumpitishia kazi, wala hana mfadhili wa kumwuliza kitabu chake kina ujumbe gani. Aamuaye ni mpita njia mwenye fedha mfukoni.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa habari hii ni ngeni kwake. Duka la namna hiyo lilikuwako huku kwa miaka mingi, ila halikuwa na mlango. Lilikuwa ni mikono ya muuza magazeti wa stendi, aliyesimama chini ya dirisha la basi na kuwaonyesha abiria majalada. Miji iliyokaa kando ya barabara kuu ndiyo iliyofaidika zaidi na biashara hiyo, na Same, mji wa tambarare kavu chini ya milima ya Upare, katika njia itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ni mji wa aina hiyo hasa. Ndani ya dakika chache za basi kusimama, hadithi ya picha ilipaswa kujinadi yenyewe. Ikishindwa, basi liliondoka nayo haikununuliwa.

Hadithi hizo zina majina mengi: katuni, vibonzo, na wazee wengine hadi leo huziita chakubanga, kwa jina la yule mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Lakini Chakubanga alikuwa mpangaji katika nyumba ya gazeti la chama. Nyumba yao wenyewe wachoraji waliipata mwaka 1978, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walipoanzisha jarida la Sani, jina lililounganishwa kwa silabi za mwanzo za majina yao wawili. Humo walikaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na mtoto mtundu Madenge. Na humo kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana, iliwaachia wachoraji wa baadaye mkono wa kuuiga.

Wapenzi wa ushairi wangefanya vyema kumtazama Ndumilakuwili kwa makini. Jina lake ni la nyoka asemwaye kuwa huuma kwa ncha zote mbili, nalo ni jina ambalo malenga amezoea kumvisha mnafiki. Katika shairi, mnafiki hutajwa, huelezwa, na ufikapo ubeti wa mwisho amekwisha kuhukumiwa. Katika Sani hukumu haikuwa na nafasi ya kukaa. Tapeli akiumbuliwa toleo hili, toleo lijalo alikuwamo tena, na shati lake limepigwa pasi. Huo si udhaifu wa utunzi. Ni ukweli ambao shairi la maadili huona taabu kuukubali, kwamba mjanja wa mjini haishi. Na msomaji aliyekuwa akilipa senti zake kila toleo alikuwa akilipia ukweli huo huo, kwa sababu asubuhi yake alikuwa amekwisha kukutana na mtu wa aina hiyo ofisini au kwenye foleni ya sukari.

Haina maana kwamba kila kilichouzwa kilikuwa chema. Majarida mengi yaliyofuata nyayo za Sani yaliwachora wanawake kama kwamba Mungu aliwaumba kwa makalio peke yake, na kicheko kikageuka kuwa mazoea. Soko huru lina ulafi wake. Lakini ulafi wa soko huonekana wazi, na msomaji aweza kuukemea kwa kutonunua.

Kutoka jarida hadi kitabu ilikuwa safari nyingine. Mwaka 1996, jijini Nairobi, kampuni ndogo ya Sasa Sema ilianza kuchapisha hadithi za picha zilizojalidiwa, na miongoni mwa za mwanzo kabisa ni Abunuwasi ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda kupata umaarufu Kenya. Uteuzi wa Abunuwasi ulikuwa wa busara. Abu Nuwas wa Baghdad alikuwa mshairi hasa, wa zama za Harun al-Rashid. Midomo ya watu ndiyo iliyomvua ushairi na kumvika ujanja, hata pwani hii ikamfanya mwenyeji.

Hapo ndipo ugumu wa sanaa hii unapodhihirika. Chukua kile kisa kijulikanacho na kila mtoto wa pwani, cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria ndani yake, anasema imezaa. Jirani anakubali kwa tamaa. Mara ya pili Abunuwasi anasema imekufa. Bibi anayesimulia gizani haoneshi uso wa mtu. Anaweza kuificha hila hadi neno la mwisho, kwa kuwa sauti yake ni moja kwa mwizi na mwibiwa. Mchoraji hana giza hilo. Analazimika kuuchora uso wa Abunuwasi siku ile ya kwanza, mlangoni kwa jirani, kabla ya hila kujulikana. Akimchora akitabasamu pembeni, kisa kimekwisha kabla hakijaanza. Akimchora na uso wa kondoo, msomaji atajiona amedanganywa na kalamu. Mchoraji stadi hukimbilia uso wa jirani: anaichora tamaa inavyoingia machoni, kidogo kidogo, fremu kwa fremu, na Abunuwasi anamwonyesha mgongo tu. Kazi nyingi za Kiswahili hushindwa papo hapo. Kiputo cha maneno husema «nina huzuni» juu ya mtu anayelia, na chini maelezo huongeza kuwa alihuzunika. Mshairi anayerudia neno kwa kukosa kina huchekwa; mchoraji naye asisamehewe.

Sasa Sema baadaye iliingia mikononi mwa Longhorn, mchapishaji wa vitabu vya shule, na hilo si la ajabu, maana kitabu kilichojalidiwa hakiwezi kuishi kwa madirisha ya mabasi peke yake. Pengo lililobaki limejazwa na katuni za bure. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye ikavuka hadi Tanzania, ilichorwa kwa ustadi mkubwa, ikawapa vijana lugha yao na wasanii riziki yao, na ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Hata hivyo ilikuwa ni kazi yenye dhamira iliyopangwa kabla ya hadithi, kama zilivyo katuni nyingi za afya, za uchaguzi na za kilimo zinazogawiwa bila malipo.

Washairi wanaijua njia hii. Mathias Mnyampala aliposhika ngonjera na kuitia katika utumishi wa siasa ya taifa, alikuwa fundi kweli, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichotoka mwaka 1970, baada ya kifo chake, kina mafundo yake. Wanafunzi wake wa shuleni ndio walioibakiza ngonjera kuwa maswali na majibu ambayo jibu lake lajulikana tangu ubeti wa pili. Katuni ya mfadhili nayo haina hofu ya msomaji kuondoka. Hakulipa, atalalamikia nini?

Na hasara yake yaonekana pale penye hadithi kubwa. Ukipanda kutoka Same kwenda Mbaga au Suji unapita katika nchi iliyobeba kisa ambacho riwaya ya picha ingekitamani. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia, watawala wa Kiingereza pamoja na wafumwa wa Upare walianzisha kodi waliyoiita mbiru, jina la ada ya kale, ambayo kila mtu angetozwa kwa kadiri ya mali yake baada ya kupimwa. Wapare hawakukataa kodi ya sawa kwa wote, walikataa kupimwa. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani wakajaa makao makuu ya wilaya pale Same, wala hawakutawanyika kwa wepesi. Wanawake nao waliandamana, na husimuliwa kuwa walimtaka mtawala ama amalize shauri ili waume warudi nyumbani, ama achukue yeye nafasi ya waume wote. Hatimaye mbiru iliachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliyaandika haya katika kijitabu cha mwaka 1971, kwa Kiingereza.

Kwamba historia ya namna hii hubeba picha, Barly Baruti wa Kongo amekwisha kuonyesha katika Madame Livingstone, ya mwaka 2014, juu ya vita vya kwanza vya dunia katika Ziwa Tanganyika. Ila kile ni kitabu cha Kifaransa, kilichochapwa Ufaransa. Mbiru ingeandikwa na mfadhili, bila shaka ingekuwa somo la ushirikishwaji wa wananchi, na yule mwanamke wa maandamano angepewa kiputo kirefu juu ya haki. Mchoraji anayemtegemea msomaji wa stendi angekuwa na kazi ngumu na tamu zaidi: kuteremsha njia za mlimani kurasa tatu bila neno, kijani kikififia hadi vumbi la tambarare, kisha meza ya mtawala, wino, daftari la majina, kisha mwanamke anafungua mdomo, na fremu inayofuata haimwonyeshi yeye, inaonyesha uso wa karani Mswahili anayepaswa kuyafasiri maneno yale kwa Kiingereza.