Picha haichukuliwi, hupigwa

Yapo makosa ambayo huwezi kuyanasa kwa kanuni za sarufi. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza "do a mistake" ana kitenzi na ana nomino, kila kimoja mahali pake. Hata hivyo, Mwingereza atashtuka, kwa kuwa katika lugha yake "mistake" huandamana na "make", ilhali "homework" huandamana na "do". Ukiuliza kwa nini, utaambiwa tu kuwa ndivyo wenye lugha walivyozoea.

Wanaisimu huuita uandamano huu kolokesheni. J.R. Firth, aliyekuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha London, alisisitiza kuwa sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno yanayoandamana nalo. Ajabu ni kwamba bado tunawakaririsha watoto orodha za neno mojamoja!

Matokeo yake tunayasikia kila siku. Mtu aliyeshika kolokesheni za Kiingereza bila kufunzwa za Kiswahili huzihamisha nzimanzima. Atasema "kuchukua picha" badala ya kupiga picha, na "kucheza jukumu" ilhali jukumu hutekelezwa. Na si suala la urembo wa lugha tu. Hebu fikiria: ukimwambia mgonjwa "achukue dawa mara tatu kwa siku", umemwambia aibebe au aimeze? Dawa ya maji hunywewa, tembe humezwa.

Tena mara nyingi Kiswahili hakihitaji nomino hata kidogo. "Make a decision" ni kuamua, au ukipenda, kukata shauri. "Make a mistake" ni kukosea. "Pay a visit" ni kutembelea au kuzuru. Sasa huku "kufanya uamuzi" na "kufanya makosa" kwa kila sentensi kunatoka wapi?

Sisemi kila tafsiri ya aina hii itupwe. "Kuchukua hatua" kumeshakita mizizi na hakumchanganyi yeyote. Ninalopinga ni kukopa kile tulicho nacho nyumbani.

Walimu wenzangu, tufunze kitenzi na nomino yake kwa pamoja, tena kwa lugha zote mbili sambamba: picha hupigwa, kiapo huliwa, shauri hukatwa, na kando yake, wanavyosema Waingereza. Anayeziona tofauti hizo bayana hataboronga Kiingereza wala Kiswahili.