Jinsi Celentano alivyoyatega masikio

Mwaka 1972 Adriano Celentano, mwimbaji wa Milano, alitoa kupitia lebo yake mwenyewe, Clan Celentano, wimbo uitwao "Prisencolinensinainciusol". Ukiusikia bila kujua habari zake utaapa kwamba umetoka Marekani: ngoma hazipumziki, tarumbeta zinachokoza, sauti nzito ya mwanamume inatema maneno kwa haraka na ya mkewe, Claudia Mori, inamjibu. Lakini humo ndani hakuna Kiingereza, ukiondoa kijineno kimoja cha kuitikia kinachojirudia. Celentano ameeleza waziwazi kwamba aliyatunga maneno hayo yasiwe na maana yoyote, kwa sababu alitaka kuimba juu ya watu kushindwa kuelewana. Maelezo hayo hayajawanyamazisha mashabiki. Mpaka leo wapo wanaoandika mashairi kamili ya Kiingereza na kuyatetea neno kwa neno, huyu akisikia mapenzi katika mstari uleule ambao mwenzake anasikia safari. Wengi huwacheka watu hawa. Mimi naona wanaufanyia wimbo kazi iliyokusudiwa, maana ubishi wao umetengenezwa kwa ufundi unaoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, na kejeli ya wimbo haitimii mpaka msikilizaji aanze kutafuta maneno.

Tuanze na mdomo. Kiitaliano, kama Kiswahili, hupenda neno liishie kwa irabu, ndiyo maana mtu wa Napoli na mtu wa Mombasa wakiigiza Kizungu kwa mzaha hukimbilia jambo lilelile, kulikata neno kabla halijafika mwisho. Tazama jina lenyewe la wimbo. Lina silabi tisa, na nne kati yake zimefungwa kwa konsonanti: tatu kwa n, na ile ya mwisho kabisa kwa l. Kwa sikio la Milano hilo peke yake linatosha kunuka ugeni. Juu yake Celentano anaikunja r ndani ya mdomo badala ya kuitetemesha kama ilivyo desturi ya kwao, na irabu zisizo na mkazo anazififisha mpaka hujui kama ni a au e. Lakini kinachobeba udanganyifu wote ni mwendo. Kiitaliano huzigawia silabi muda unaokaribiana. Kiingereza hukanyaga silabi moja kwa nguvu, kisha kikazisukuma mbili tatu zipite mbio. Wimbo huu unakanyaga hivyo tangu mwanzo, na muziki umepangwa kuusaidia: mdundo ni mmoja unaozunguka, na bendi nzima imeng'ang'ania kordi ileile. Hakuna mgeuko wa melodia wa kumpa msikilizaji shughuli nyingine. Kinachobaki cha kufuatilia ni maneno, nayo hayapo.

Sasa sikio linafanya nini likikabidhiwa mzigo huo? Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Warren, aliwasikilizisha watu sentensi iliyorekodiwa, akiwa ameondoa sauti moja katikati ya neno na kupachika kikohozi mahali pake. Walisikia neno zima, pamoja na sauti isiyokuwapo, na hawakuweza kuonyesha kwa uhakika kikohozi kiliangukia wapi. Ubongo ulikuwa umeziba pengo bila kuwaarifu. Halafu mwaka 1992 watafiti Anne Cutler na Sally Butterfield walichambua namna wasemaji wa Kiingereza wanavyosikia vibaya, wakaona kwamba mara nyingi huanzisha neno jipya pale inapotokea silabi nzito, kwa kuwa ndivyo maneno mengi ya lugha yao yanavyoanza. Unganisha mambo hayo mawili uone alichofanya Celentano, miaka 20 kabla ya utafiti huo wa pili. Silabi zake nzito zinamwonyesha msikilizaji mahali pa kukata, na sauti zake zilizofifia zinamwachia mapengo ya kujaza. Tofauti ni kwamba watu wa Warren walikuwa na neno la kweli la kulirudia. Hapa hakuna, kwa hiyo kila mmoja analeta la kwake. Kile kijineno cha kuitikia, ambacho ni cha kweli, ni chambo: ukishakitambua kimoja, unaamini vingine vipo, tatizo ni wewe hujasikiliza vizuri.

Atakayepinga atasema upuuzi ni upuuzi, na upuuzi wowote ungezaa mabishano kama haya. Ushahidi hauko upande wake. Sigur Rós, bendi ya Iceland, mwaka 2002 walitoa albamu isiyo na jina, ila alama za mabano tu, iliyoimbwa kwa sauti za kubuni, na kijitabu chake kina kurasa tupu ili msikilizaji aandike mashairi anayoyaona yanafaa. Ni mwaliko wa wazi kuliko wa Celentano. Hata hivyo sauti zile ndefu, zinazovutwa juu ya muziki wa taratibu, haziigi mwendo wa lugha yoyote inayojulikana. Mtu huzijazia hisia zake bila kudai amenasa sentensi. Ili watu wagombane juu ya neno, lazima kwanza waaminishwe kwamba wanaijua lugha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu husikia vibaya hata nyimbo zenye maneno halali, kwa hiyo huenda Celentano hana lolote la pekee. Mfano maarufu ni wimbo "Louie Louie" wa bendi ya The Kingsmen, uliorekodiwa Portland, Oregon, mwaka 1963. Maneno yake yalijulikana tangu mtunzi wake, Richard Berry, alipoutoa mwaka 1957: baharia anamsimulia mhudumu wa baa habari za mpenzi wake. Lakini mwimbaji wa The Kingsmen, Jack Ely, aliimba akiinua kichwa kukifikia kipaza sauti kilichoning'inizwa juu, na matamshi yakavurugika. Vijana wakasikia matusi, wazazi wakamwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Robert Kennedy, na FBI wakaichunguza sahani kwa kasi mbalimbali, wakahitimisha kuwa haisikiki vya kueleweka kwa kasi yoyote. Ni kweli, sikio ni lilelile. Ila pale kulikuwa na hakimu: ukitoa karatasi ya Berry, kesi imekwisha. Celentano ameiondoa karatasi hiyo makusudi. Ndiyo maana shabiki anayekuonyesha maandishi yake huku wimbo ukipigwa, kisha akakuuliza kama sasa husikii, hathibitishi kitu. Ukimwekea maandishi mengine yenye mikazo mahali palepale, sikio litayatii vilevile.

Linabaki swali la kejeli: anachekwa nani? Wengine hujibu ni Wamarekani. Historia ya Italia inaelekeza kwingine. Mwaka 1954 Alberto Sordi aliigiza katika filamu "Un americano a Roma" kijana wa Roma anayejifanya Mmarekani na kubwabwaja Kiingereza cha kubuni. Mwaka 1956 Renato Carosone akamwimba kijana wa Napoli wa aina hiyohiyo. Celentano mwenyewe mwaka 1958 alianza kwa kurekodi nyimbo za rock za Marekani. Anayechekwa, basi, ni msikilizaji wa nyumbani, na mwimbaji yumo. Mashabiki wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi walioimba "Mario" ya mwanamuziki Franco wa Kongo mwaka 1985 bila kujua Kilingala watamwelewa haraka, ingawa wao walikuwa na maana ya kuulizia kwa jirani. Alipoutangaza wimbo katika televisheni ya RAI, kwenye kipindi cha "Formula Due", Celentano alijivika ualimu na kusimama mbele ya darasa la wasichana. Ni uamuzi bora kuliko ule wa kipindi kingine cha televisheni, "Milleluci" ya mwaka 1974, ambapo Raffaella Carrà na wachezaji wake wanacheza kwa ustadi mkubwa. Onyesho hilo la pili linapendwa zaidi, na kwa burudani linastahili. Kwa mtego wa masikio linapunguza nguvu, maana macho yanapata kazi nyingi mno na mtu anasahau kutafuta maneno.