Ukuta wa Suheli: Namna Picha za Kuze Zilivyopigwa

Jamaa waliofika nyumbani kwetu wakaziona picha kumi na mbili zilizotundikwa ukumbini wameniuliza, kila mmoja kwa kauli yake, swali lililo moja: yawaje kuta hizi, ambazo ndizo tuzipitazo kila uchao tukienda kununua mahamri au kumzuru mgonjwa, katika picha zionekane kana kwamba zina nuru ndani yake, na kila kovu la chokaa na kila nakshi ya mlango isomeke kama herufi? Wengine wamedhani kwamba siri imo katika kamera, nayo ni kamera ya dijitali ya wastani, yenye lenzi moja ya milimita 35, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine. Napenda kueleza namna kazi ile ilivyofanyika, kwa sababu yaweza kufanywa na yeyote mwenye miguu ya kutembea na subira ya kungoja, na kwa sababu sehemu kubwa ya elimu yake twaipata kwa kutazama juu kabla ya kutazama ndani ya lenzi.

Mimi na mke wangu tumestaafu, mimi katika kazi ya hesabu na yeye katika ualimu, na kwa miaka michache sasa desturi yetu ni kutoka pamoja kila siku kutembea Kuze, Kibokoni na Ndia Kuu, hapa Mombasa, mpaka bandari ya kale, kamera moja kati yetu wawili na daftari moja mkobani. Mwaka huu tulikubaliana tusipige ovyo. Tulichagua mahali kumi na mbili, tukaazimia kuparudia tangu demani ilipokuwa ikiisha, mwishoni mwa Septemba, kupitia siku za maleleji na mvua za vuli, hadi kaskazi iliposimama barabara katikati ya Januari. Wapiga picha wa Ulaya na wa kaskazini ya Marekani wana majira yanayojitangaza yenyewe, kwa kuwa majani hugeuka rangi, yakapukutika, kisha theluji ikafunika ardhi. Walakini hapa petu, nyuzi 4 tu kusini ya istiwai, mwembe hubaki na majani yake mwaka mzima, na mgeni aweza kukaa miezi sita asitambue kwamba msimu umegeuka. Zigeukazo ni pepo na jua. Pepo zina wenyewe, mabaharia, ambao tangu enzi za majahazi ya Arabuni na Hindi wamezihesabu kwa siku. Bali jua, kwa wakaao mjini, aghalabu hukumbukwa kwa joto lake tu.

Msingi wa kazi yetu yote ni jambo moja la falaki. Kuanzia kama tarehe 10 Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hapa Mombasa hupita upande wa kaskazini ya utosi. Kisha kama tarehe 3 au 4 Oktoba huwa juu ya kichwa sawasawa, na baada ya hapo huhamia kusini, likazidi kwenda huko hadi tarehe 21 au 22 Desemba. Siku ile ya Oktoba tulisimamisha fimbo ya mita moja juu ya sakafu ya nyumba, na ilipotimu saa sita na dakika kumi kivuli kilijikunja chini ya fimbo kikatoweka. Mke wangu, aliyefundisha watoto miaka mingi lakini hakuwahi kuliona jambo hili kwa jicho lake, alinyamaza kwa muda, kisha akaandika daftarini neno moja: hakuna. Tarehe 22 Desemba, fimbo ile ile, mahali pale pale, saa sita na dakika kama ishirini, ilitoa kivuli cha sentimita 35 kilichoelekea kaskazini. Ni tofauti ndogo kwa mwenda njia. Kwa ukuta ni dunia nyingine, kwani ule uliotazama suheli, yaani kusini, ambao tangu Machi ulikuwa umekaa gizani kama mtu aliyegeuziwa mgongo, sasa ndio upokeao jua kutwa nzima, na ule wa kaskazini huingia katika zamu yake ya kivuli.

Hapo mpiga picha wa Mombasa anayo neema ambayo wa miji mingine mingi hana. Makka na Mombasa zimekaa karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, ya kwanza kama nyuzi 39.8 na ya pili kama nyuzi 39.7, na kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini halisi, bila ya kupinda kwa kiasi kiwezacho kuonekana kwa macho. Kila msikiti mtaani ni dira iliyojengwa kwa mawe. Katika vichochoro vya Kuze, ambavyo hupinda na kupindua hata mwenyeji akapoteza mashariki yake, sisi hatukuchukua dira ya chuma wala ya simu. Tuliuliza tu mihirabu iko wapi, tukajua papo hapo ukuta upi utapata jua mwezi upi. Tulipokitazama kivuli kile cha Desemba kikilala juu ya sakafu kuelekea kibla, sote wawili tuliona kwamba hisabu imetimia.

Kichochoro kimoja tulikifanya kipimo chetu. Kimenyooka mashariki kwa magharibi, upana wake mita 2 na nusu, na nyumba za pande zote mbili, kwa makisio, zina kimo cha mita 9. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri lilimwagika sakafuni kote, ukuta kwa ukuta, likapaza mng'ao mkali usiokuwa na kivuli cha kusema, na picha za siku hizo hazikufaa kitu: nyuso zilikuwa na mashimo meusi mahali pa macho, na kuta zilikuwa bapa kama karatasi. Ilipofika tarehe 8 Novemba kivuli cha nyumba za kusini kilikuwa kimeifunika sakafu kwa mita 2, ukasalia utepe wa jua wa nusu mita chini ya ukuta wa pili, ambamo paka walijipanga. Mwishoni mwa Desemba sakafu yote ilikuwa kivulini, na jua la adhuhuri lilianzia ukutani kwa kimo cha mtu, likapanda hadi paani. Ndipo kichochoro kikawa chumba cha picha. Ukuta wa juu ulipokea jua, ukalirudisha chini kwa ulaini, na mtu aliyesimama kivulini alipata nuru nyeupe ya kutoka juu na ubavuni, isiyomfinya macho wala kumtia mashimo usoni. N. V. Parekh, ambaye studio yake hapa Mombasa iliwapiga picha maarusi na jamaa wengi katikati ya karne ya 20, aliipata nuru yake kwa kupanga taa ndani ya chumba. Sisi hatuna taa, na chokaa ya jirani ndiyo iliyotufanyia kazi hiyo.

Asubuhi na jioni zina kanuni nyingine. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza mashariki sawasawa, likapita ndani ya kichochoro kama maji ndani ya mfereji. Katika Desemba huchomoza kiasi cha nyuzi 23 na nusu kusini ya mashariki, na kwa muda wa saa mbili au zaidi hupanda karibu bila ya kubadili upande, hata likiwa juu kwa nyuzi 24 bado limekaa pale pale. Kwa sababu hiyo nuru huufikia ukuta wa suheli kwa mshazari, ikauparaza badala ya kuupiga usoni, na nuru ya kuparaza ndiyo ifufuayo kila kilicho na mwinuko: chembe za mchanga ndani ya lipu, jiwe la tumbawe lililochungulia mahali chokaa ilipobanduka, ua lililochongwa mlangoni na mikono ambayo hatuijui. Haya ndiyo wageni wetu huyaita nuru ya ndani. Ni vivuli vidogo mno, maelfu kwa maelfu, kila kimoja upande mmoja wa chembe yake.

Sasa nizungumzie kipimo cha nuru, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kamera hudhani kwamba kila inachokitazama ni kijivu cha wastani, yaani kitu kirudishacho asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Ukuta wa chokaa hurudisha mara kadhaa zaidi ya hiyo, na buibui hurudisha kidogo mno. Basi kamera ikiachwa iamue peke yake, ukuta huwa wa majivu, au buibui hupauka kana kwamba limefuliwa mara mia. Dawa tuliyoitumia ni kiganja. Kiganja cha mtu, awe wa rangi gani, hurudisha takriban maradufu ya kijivu kile, kwa hiyo tulipima juu ya kiganja kilichowekwa katika nuru ile ile ya picha, tukaongeza daraja moja, ambayo maana yake ni kuruhusu nuru mara mbili ya ile iliyosomwa. Kisha tulitazama weupe wa ukuta, na tukiuona unakaribia kufutika tulirudisha theluthi ya daraja, kwa kuwa katika picha ya dijitali weupe uliopotea haurudi tena, ilhali giza laweza kuinuliwa baadaye kwa kiasi. Mwenye filamu ya negativu hufanya kinyume chake, huchunga giza kwanza, nami nilichukua muda kuiacha tabia hiyo ya ujanani.

Picha watu waisifuyo kuliko zote ni ile ya muuza kahawa, na imepigwa katikati ya Desemba, saa kumi na moja jioni, mahali kichochoro kinapofunguka kwenye kiwanja kidogo, baraza na ukuta wake vikitazama suheli. Jua lilikuwa juu kwa nyuzi 20 hivi, likitoka kusini ya magharibi. Mimi nilisimama mashariki ya baraza nikitazama kule kule jua litokako, kwa sababu moshi wa kahawa hauonekani ila nuru ikitoka nyuma yake na giza likiwa nyuma ya vyote viwili. Giza hilo lilikuwa mlango uliokuwa wazi. ISO 200, tundu namba 8, shata sehemu ya 250 ya sekunde. Hatari ya kusimama hivyo ni jua kuingia ndani ya lenzi na kuichafua picha kwa utando, na mke wangu aliizuia kwa kunyosha mtandio wake juu ya kamera kama dari. Dele ya shaba nayo ilikuwa taabu, kwani shaba iliyosuguliwa hurudisha kila kilicho mbele yake, na tumboni mwake nilijiona mimi mwenyewe na kanzu yangu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tunatembea na vyombo vya studio bila ya kujua: mke wangu alisogea mbele ya dele, weusi wa buibui lake ukaimeza ile taswira yangu, na ukingo wa shaba ukabaki na mstari mmoja tu wa jua. Siku nyingine, akishika yeye kamera, kanzu yangu nyeupe hunifanya mimi kuwa kioo. Hunisogeza kwa kidole, hatua moja huku, hatua moja kule, mpaka uso wa mwenye kupigwa upate nuru ya upande wa pili.

Kugawana kazi huku hakukuwa kwa ajili ya nuru peke yake. Mtaa wa Kuze ni nyumba za watu, na stara ya nyumba hutangulia picha. Yeye ndiye aliyetoa salamu, akauliza hali, akaomba ruhusa, na alipoambiwa hapana tulishukuru tukaenda zetu. Jioni moja ya Novemba niliona dirishani, juu ya roshani, mkono wa mwanamke ukianika ukaya, na jua likiupita uzi kwa uzi, nikainua kamera. Mke wangu aliweka kiganja chake juu ya lenzi. "Bwana, huyo hajatuona," akasema, na hakusema zaidi. Sikupiga. Nilikasirika hadi tulipofika nyumbani, na usiku ule nikakiri mbele yake kwamba hasira yangu haikuwa na haki.

Mvua za vuli zilitupokonya siku nyingi. Ukuta wa tumbawe hunywa maji, na ukilowa hugeuka rangi ya asali iliyoungua, ukahitaji nuru zaidi kwa kama nusu daraja. Lakini baada ya mvua vumbi hutulia, na saa moja ile kabla ya mawingu kurudi hewa huwa safi kuliko wakati wowote. Picha mbili kati ya zile kumi na mbili ni za saa hizo. Lenzi yetu ilianza kuota ukungu pembeni kwa sababu tuliifungia mkobani ikiwa na unyevu, na tangu hapo kamera hulala wazi mezani, penye hewa na mwanga, si kabatini.

Mahali pa kumi na tatu bado hatujapapiga. Ni ukuta wa nje wa mihirabu ya msikiti mmoja mtaani, uliovimba kama mgongo wa chaza, nao watazama kaskazini. Miezi yote hii tumeupita ukiwa kivulini, wa buluu na baridi. Mke wangu amekwisha kuandika daftarini: baada ya 21 Machi, asubuhi mapema, Inshallah. Wasimamizi wa msikiti tumewaomba ruhusa, nao wameitoa.