Kabla Diski Haijapanda Matatu

Diski mbovu haijitangazi. Inang'aa sawa na nyingine, kompyuta inaipokea, mfumo wa Linux unaanza kuingia, halafu kazi inakwama katikati. Ikiwa ilichomwa Kitale na kompyuta iko Bungoma, mwenyewe amebaki na mashine isiyowaka, na nauli ya kurudi kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini. Kwa hiyo fundi wa diski hupimwa kwa yale anayoyafanya kabla ya matatu kuondoka.

Zamani kupakua peke yake kulikuwa mtihani. Faili ya CD nzima ilikaribia megabaiti 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hizo ni saa zaidi ya 27 bila laini kukatika hata mara moja! Kebo ya intaneti ya kasi ya SEACOM ilifika pwani ya Kenya mwaka 2009. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyotoa toleo la kwanza la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, Oktoba 2004, ilikuwa ikiwatumia watu CD kwa posta, bure kabisa, mpaka 2011. Jina lenyewe Ubuntu, yaani utu, si geni Bungoma: Mbukusu humwita mtu omundu.

Uchaguzi wa diski ndio unaotenganisha fundi na mchomaji tu. Debian, aina nyingine ya Linux, ina diski ndogo iitwayo netinst, ambayo hubeba mwanzo wa mfumo na kuvuta mengine mtandaoni. Mjini inafaa. Ukiipeleka kwenye shule isiyo na intaneti, umepeleka ahadi. Afadhali DVD ya kwanza ya Debian, karibu gigabaiti 4, yenye eneo-kazi na programu za ofisi za LibreOffice ndani yake, ili mwalimu aandike mtihani jioni ileile.

Kisha uhakiki. Kila faili hutolewa pamoja na alama yake ya SHA256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Fundi huikokotoa upya kwenye mashine yake na kulinganisha. Biti moja ikiwa imegeuka njiani, alama nzima hubadilika, na faili hiyo haistahili kuharibu diski safi.

Kuchoma nako kuna adabu. Mwenye kichomeo kikuukuu huacha kasi ya 48 akachagua 8. CD iliyojaa humchukua kama dakika 10. Hulitazama wingu la mvua kwanza, kwa sababu stima ikipotea katikati, CD-R hiyo imekwisha, haifutiki. Ikitoka, huisoma yote tena na kuilinganisha na faili. Hapo ndipo huandika jina na toleo, kwa kalamu laini ya wino. Kalamu ya bolpeni ni hatari, maana tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya ule uso wa juu, na mkwaruzo wa upande huo ndio usiotibika. Hili wengi hawalijui: hulinda upande wa chini peke yake.

Ubuntu ya Oktoba 2012 ilizidi megabaiti 700, CD ikaachwa nyuma, na flashi zikachukua nafasi yake. Ukikabidhiwa flashi ya Linux leo stendi ya Kitale, muulize aliyeitayarisha kama alilinganisha zile tarakimu na herufi 64. Akisita, ngoja matatu inayofuata.