Breki Mbili za Muozo wa Nyanya

Tenga la nyanya kutoka upande wa Kasulu likifunguliwa sokoni Ujiji, mchuuzi makini huanza na zile za chini. Muozo laini huanza kwa siri: kidoa chenye majimaji pembeni ya mkwaruzo, ngozi bado nyekundu, lakini ukibonyeza kidole kinazama. Kesho yake ni uji, na maji yake yameshazifikia za jirani.

Mhusika mkuu ni bakteria Pectobacterium, ambaye vitabu vya zamani humwita Erwinia carotovora, na joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika linamfaa sana. Silaha yake ni vimeng'enya vinavyokata pektini, gundi inayoshikanisha seli za mmea. Lakini bakteria huyo anaweza kukaa kwenye mmea muda mrefu bila madhara. Nani humwamuru aanze?

Mwaka 1993 Minna Pirhonen na wenzake, wakiwa Sweden, walichunguza bakteria wenye hitilafu ya jeni, walioshindwa kutoa pektinasi, selulasi na protiasi kwa pamoja. Kikikosekana kimeng'enya kimoja, huenda jeni yake tu imeharibika. Vikikosekana vyote kwa mpigo, hitilafu iko kwenye amri. Jeni hiyo, expI, ilifanana na ile ya Vibrio fischeri, bakteria wa baharini wanaong'aa. Kisha likaja jaribio ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: bakteria hao walipopewa molekuli ndogo ambayo wenzao wazima huitoa nje ya mwili, vimeng'enya vilirudi. Jeni iliyoharibika haikuguswa.

Molekuli hiyo ni aina ya homoserini laktoni. Bakteria wakiwa wachache, molekuli hutawanyika na kupotea. Wakijazana kwenye jeraha, molekuli hulimbikizana. Ungedhani inawasha jeni za vimeng'enya moja kwa moja. Sivyo, inaachia breki. Isipokuwepo, protini ExpR hushika DNA na kuchochea jeni rsmA. Protini RsmA nayo hunasa nakala za RNA za vimeng'enya, nazo huharibika kabla ya kutumika. Molekuli ikimshika ExpR, anabanduka, RsmA inapungua, vimeng'enya vinamwagika. Breki ya pili, KdgR, huachiwa na mabaki ya pektini yenyewe, hivyo ukataji huzaa ukataji zaidi. Ndiyo maana nyanya nzima huisha haraka namna ile.

Subira hiyo, ya kungoja wawe wengi, ina maana yake. Vipande vya pektini huuamsha mmea ukajihami, kwa hiyo bakteria wachache wakivamia mapema hujitangaza bure.

Kundi la Lian-Hui Zhang, Singapore, lilitumia utegemezi wa bakteria kwa molekuli ile. Mwaka 2000 lilieleza jeni aiiA ya Bacillus, ambayo kimeng'enya chake huharibu molekuli ya mawasiliano. Mwaka 2001 likaonyesha viazi na tumbaku vilivyopandikizwa jeni hiyo vikistahimili muozo. Bakteria hawakuuawa, walinyimwa kusikiana.

Nyanya za Ujiji hazina jeni hiyo, ila idadi ya bakteria bado iko mikononi mwetu. Ndugu mchuuzi, toa zilizokwaruzwa kabla ya kupanga, usizioshe zote kwenye ndoo moja ya maji, na usifunike tenga likiwa na unyevu.