Kupasua Bei ya Dawa katika Darasa la Mbali

Mtaalamu wa afya anayefundishwa sera za bei za dawa kwa njia ya mtandao aghalabu huanzishiwa somo kwa orodha ya sera zenyewe, ilhali bei ya dawa ni jumla ya bei nyingi zilizopandana, na asiyezijua tabaka zake hawezi kuhukumu sera yoyote kwa insafu. Kwa rai yangu, njia bora kwa darasa la mbali ni ile iliyotangulizwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Health Action International ya Amsterdam, walipotoa mwaka 2003 mwongozo wa kupima bei za dawa, wakautengeneza upya mwaka 2008, na kuuambatisha na majedwali ya kompyuta yaliyokwisha tiwa kanuni za hesabu, hata mtu aliye mbali na waalimu akaweza kuyajaza na kuyasahihisha.

Sehemu yake yenye manufaa zaidi ni ile inayoifuata dawa moja moja tangu kiwandani, pamoja na bima na nauli, ikashuka bandarini, ikalipiwa ushuru, ikapita ghala la muuzaji wa jumla na duka la rejareja, hadi ikatiwa mkononi mwa mgonjwa. Tuseme, mathalan, dawa imeshuka kwa shilingi 1,000, ikatozwa ushuru wa asilimia 5, kisha muuzaji wa jumla akaongeza asilimia 20 na mwenye duka asilimia 25. Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha akapata asilimia 50. Lakini kila nyongeza hukaa juu ya iliyoitangulia, na mgonjwa hulipa shilingi 1,575. Ushuru ule wa shilingi 50 ukifutwa, naye mgonjwa hupunguziwa shilingi 75, maadamu wauzaji hawakubadili viwango vyao. Aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake hahitaji kushawishiwa kwa maneno.

Hapo ndipo anapokuwa tayari kuusoma mwongozo wa sera uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, unaopendekeza kodi isamehewe kwa dawa za lazima, na asilimia ya faida ya muuzaji ipungue kadiri bei ya dawa inavyopanda. Sababu i wazi: asilimia 20 ya shilingi 1,000 ni 200, na ya shilingi 10,000 ni 2,000, basi hata mfamasia mwenye dhamiri safi huvutwa na kanuni yenyewe kuiuza ile ya ghali. Wala jambo hili si la vitabuni tu. Afrika Kusini ilipoleta bei moja ya kutokea kiwandani mwaka 2004, ada ya mfamasia ndiyo iliyoshindaniwa hata ikafika Mahakama ya Katiba.

Kipimo cha mwisho ni ujira. Mwongozo ule wa kupima bei huuliza mtumishi wa serikali asiye na ujuzi, anayelipwa mshahara wa chini kabisa, atafanya kazi siku ngapi ili apate dawa yake ya shinikizo la damu ya mwezi mmoja. Hilo ndilo swali nilipendalo kuliko uwiano wowote, kwani hata diwani asiyejua takwimu hulifahamu.

Hesabu zote hizi hufundishika mtandaoni. Bei zenyewe hazifundishiki huko, kwa hiyo kozi yenye haki humtuma mwanafunzi dukani na fomu yake, na humkataza kuandika kuwa dawa ipo mpaka ameiona kwa macho yake.