Maji Baridi, Viluwiluwi na Dhiki ya Chumvi

Elimu ya wadudu inazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, katika tafsiri zinazoeleza athari za chumvi kwa wadudu wachanga waishio mitoni na madimbwini, tunakutana na istilahi zinazompoteza msomaji.

Tuanze na maji baridi. Kwa watu wa pwani usemi huu ni wa zamani, nao hutenga maji ya kisima na maji ya bahari. Sokoni na katika uvuvi hatuna ugomvi nao. Ugomvi huanza maabarani, ambako chumvi na joto hupimwa pamoja, na mfasiri hujikuta akiandika habari za maji baridi yenye nyuzi 30. Wengine hukimbilia maji safi. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani dimbwi la matope halina chumvi wala usafi. Sisi tunachagua maji matamu, na atakayeuliza sukari iko wapi na aulize.

Neno lava nalo tayari limeshikwa na uji wa moto wa volkano. Buu latosha kwa wadudu kwa jumla, na kiluwiluwi kwa mbu, ijapokuwa hata mtoto wa chura huitwa hivyo. Lakini jina peke yake halitoshi. Kipeperushi kikisema kwamba viluwiluwi wa mbu wa malaria hawaishi katika maji ya chumvi, kinasema kweli kwa kawaida ya Anopheles gambiae, na uongo kwa Anopheles merus, anayezaliana katika vidimbwi vya chumvi vya pwani ya Afrika Mashariki na kueneza malaria na matende. Kwa macho mbu hawa hawatofautiani. Bwana afya aliyekiamini kipeperushi hicho atavipita vidimbwi vya kando ya mikoko bila kuvitazama.

Neno linalotusumbua zaidi ni mfadhaiko, linalotumiwa kutaja hali ya mdudu aliyezidiwa na chumvi. Buu hafadhaiki. Katika maji matamu, damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Maji humwingia bila kukoma, naye huyatoa kwa mkojo mwepesi huku akifyonza chumvi kutoka nje. Mwaka 1938 Mwingereza Wigglesworth alionyesha kwamba vijinyama vinne vya mkiani mwa kiluwiluwi hukua zaidi katika maji yenye chumvi haba, na hudumaa chumvi inapoongezeka. Chumvi ya nje ikizidi ile ya damu, mambo hugeuka: maji humtoka, na nguvu ambazo zingemkuza hutumika kujiokoa. Hiyo ni dhiki, na kisababishi chake tungekiita shinikizo la chumvi, ili mzigo na hali ya aliyetwikwa visichanganywe. Vilevile athari si lazima ziwe madhara. Chumvi kidogo huenda isimdhuru.

Kuhusu kiasi cha chumvi, wapishi wametutangulia: chumvi hukolea, basi tuseme ukolezi wa chumvi, tukitaja pia ni chumvi gani, kwa maana magadi ya Ziwa Natron si chumvi ya bahari.